Kompyuta Isiyo na Boksi

Ukitaka kugombana na Sabra, mpelekee kitu kipya bila boksi. Mtaa wake wote pale Ufukoni, Mtwara, ulilijua hilo. Alikuwa na fremu moja ya duka, steshenari: kuchapa, fotokopi, picha za pasipoti, maombi ya kazi ya mtandaoni, kadi za harusi. Mtu akinunua simu mjini alipitia kwanza kwa Sabra kabla hajaifikisha nyumbani. Sabra anaigeuza, anaikwaruza kwa ukucha, anainusa. Ndiyo, anainusa! Kisha anatoa hukumu: "Hii imeshatumika. Wamekuuzia makapi, ndugu yangu. Bila boksi na bila nailoni, hakuna kipya."

Hakuzaliwa na mashaka hayo. Mwaka aliofungua duka alikwenda Dar es Salaam akauziwa kompyuta "mpya" iliyong'arishwa kama kiatu cha bwana harusi. Alirudi nayo kwenye basi ameipakata mapajani njia nzima, hata kushuka kununua maji hakushuka. Mashine yenyewe haikumaliza msimu mmoja wa korosho. Ilizima na kazi za watu zikiwa ndani, na yeye akabaki kuomba radhi mlango hadi mlango. Hapo akaapa kwamba hakuna kiumbe atakayemfanya mjinga tena. Na kusema haki, mara nyingi alipatia. Hilo ndilo lililomponza. Mtu akipatia sana husahau kuwa naye ana siku yake ya kukosea.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, Thabiti, mdogo wake. Baba yao alifariki Thabiti akiwa bado anavaa kaptula ya shule, na Sabra ndiye aliyeacha masomo akauza vitumbua na samaki wa kukaanga ili mdogo wake asome. Mama yao, Bi Mgeni, alikuwa na kifua kibovu, hakuweza kazi nzito. Kwa hiyo Thabiti alimwita Sabra dada, lakini alimwogopa kama baba. Alipopata kazi ya ubaharia kwenye meli za mizigo za nje, wa kwanza kuambiwa alikuwa dada, na mshahara wake wa kwanza ulinunua ile mashine ya fotokopi iliyosimama pale dukani mpaka leo.

Sasa, watu wetu wa huku mnawajua. Wakisikia fulani anarudi kwa ndege kutoka nje, mtaa mzima unapata homa ya kuagiza. Baharia anapita kwenye viwanja vikubwa vya ndege, na kwenye viwanja hivyo kuna maduka yasiyo na ushuru, dyutifrii wanavyoyaita wao, na mtu ambaye hajawahi kupanda hata ndege ya kwenda Dar atakuapia kwamba huko vitu vinagawiwa bure. Huyu anataka manukato, yule anataka simu, shangazi anataka mkoba. Thabiti alikuwa hajui kukataa. Alikuwa anarudi na mabegi yanayompinda mgongo, nguo zake mwenyewe kaziacha melini.

Mwaka huo mashine ya zamani ya Sabra ilikuwa inakata roho. Inawaka ikitaka, inazima ikitaka, na wanachuo wanasubiri kuchapa ripoti zao. Thabiti akampigia kutoka huko bandarini alikokuwa.

"Dada, usinunue Dar. Nivumilie. Nikishuka meli nitapita dyutifrii nikuchukulie mpya kabisa, na bei ni nafuu kuliko zote unazozijua wewe."

"Mpya, Thabiti?"

"Mpya, dada. Inakusubiri wewe tu uipe kazi."

Wakaelewana vizuri. Thabiti alikuwa anamjengea mama yao kibanda huko Likombe na kilikuwa kimefika kwenye bati. Sabra akatoa akiba yake akanunua bati, na Thabiti angenunua kompyuta huko huko kwa fedha zake. Bati zikapigwa, mama akaenda kuziangalia akapiga vigelegele. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake hapo.

Lakini mabaharia nao wana mambo yao. Ukija na kompyuta ndani ya boksi lake, imefungwa na nailoni yake, watu wa forodha pale Dar watataka ulipie ushuru, na hiyo nafuu uliyoifukuzia inaishia mezani kwao. Ni haki yao, sisemi hapana. Ila mabaharia wamezoea kuivua mashine nguo. Ukishaitoa kwenye boksi, boksi linatupwa huko huko, risiti inachanwa. Unaiwasha, unaweka jina lako, unaipiga picha sura yako, unaifunga kwa kidole chako na namba yako ya siri. Ukiulizwa, ni kifaa chako, unatembea nacho. Walimfundisha hivyo wakubwa zake wa kazi, naye akafanya hivyo, ingawa alijua anaipeleka kwa Sabra.

Alifika Mtwara mchana, kachoka, kanenepa kidogo, anacheka. Nyumba ilijaa. Bi Mgeni alimshika uso kwa mikono miwili akashindwa kumwachia. Thabiti akagawa vitu vya watu, kisha akatoa kwenye begi kitu kilichoviringishwa kwenye taulo.

"Dada, shikamoo mara ya pili. Amana yako hiyo."

Sabra alilifungua taulo mbele za watu. Akaigeuza kompyuta, akaitazama chini, akaitazama ubavuni. Akaiwasha. Ikatoka sura ya Thabiti ndani ya duara, meno yote nje, na jina lake chini yake.

"Boksi liko wapi?" akauliza.

"Nimelitupa, dada. Ukipita nalo pale Dar faida yote inaondoka."

"Risiti?"

"Nayo nimeichana. Si ukikutwa nayo umejishitaki mwenyewe?"

"Na huyu wewe humu ndani anafanya nini?"

"Nimeifungua ionekane ya kwangu. Nitaitoa hiyo, nitakuwekea wewe. Dakika moja tu."

Watu walikuwa wanasikiliza. Hapo ndipo palipoharibika, nadhani. Wangekuwa wawili tu ndani ya chumba, pengine Sabra angejizuia. Lakini majirani wale wale waliokuwa wakimletea simu zao azinuse walikuwa wamemkodolea macho waone atasema nini, naye hakutaka kuonekana mjinga mbele yao.

"Thabiti, hii ndiyo kazi yangu. Kila siku naletewa hadithi hizi hizi. Umeninunulia mtumba wa baharia mwenzako, fedha iliyobaki umeila. Sema tu."

Thabiti aliendelea kutabasamu kidogo, akidhani anataniwa. Kisha tabasamu likamtoka. "Dada, mimi? Nikufanyie wewe hivyo?"

"Wewe. Mabaharia nani asiyewajua?"

Bi Mgeni akasema, "Sabra, mwanangu, mwache apumzike." Sabra hakumwacha, wala hakumpa nafasi ya kuifungua. Aliyasema aliyoyasema, na hayo mengine sitayarudia, maana mwenyewe aliyarudia vya kutosha baadaye kitandani peke yake. Ulimi hauna mfupa. Akaiviringisha kompyuta kwenye taulo lake, akaipeleka dukani, akaitupia juu ya kabati la karatasi. Watu wakaaga mmoja mmoja, kila mtu na manukato yake.

Kesho yake Thabiti alikwenda dukani. Alisimama mlangoni kama mteja.

"Dada, ishushe basi nikufungulie. Kuna kitu nimekuwekea humo ndani, ukikiona utacheka mwenyewe."

Sabra alikuwa anahangaika na ile mashine ya zamani iliyokuwa imezima tena. Hakuinua uso. "Kawaoneshe waliokuuzia."

Thabiti akasema, "Haya, dada. Hasira zikiisha utaniita." Akaondoka.

Hakumwita. Alikusudia kumwita, hilo nalijua, maana jioni ile alipika pweza wa nazi, chakula ambacho katika nyumba ile hakikupikwa ila kwa ajili ya Thabiti. Akamtengea bila kusema neno. Thabiti akala akamaliza, akasema "Ahsante, dada," na yeye akaitikia kwa kukusanya vyombo. Kwao wawili hiyo ilikuwa karibu sawa na kupatana. Wangepatana kabisa siku iliyofuata. Kila mtu angekwambia hivyo.

Siku iliyofuata Thabiti alichukua bodaboda kwenda Mikindani kuwasalimia ndugu wa upande wa baba. Barabara ile siku hizi ina malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini, mchana na usiku. Moja lilipunguza mwendo ghafla, bodaboda ikataka kulipita, kukawa na lingine linakuja. Mwendeshaji alivunjika miguu. Thabiti alifia pale pale, na simu yake ikasagwa chini ya tairi. Alizikwa Mikindani alasiri hiyo hiyo, kwa sababu maiti kwetu haingojeshwi. Wanaume wakamwosha, wanaume wakambeba. Sabra alimwona mara moja tu, sanda haijafungwa usoni, akaambiwa asogee nyuma.

Nyie, acheni tu. Kuna misiba mtu unalia na kuna misiba unakaa unatazama ukuta. Sabra alitazama ukuta. Wanawake waliokuja kumpa pole walimwona anatikisa kichwa tu, wakasema ni mtu imara. Imara gani! Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe: kawaoneshe waliokuuzia, kawaoneshe waliokuuzia.

Matanga yakaisha, wageni wakarudi kwao. Sabra akaenda kufungua duka akakuta mashine ya zamani imekufa kabisa, safari hii haiwaki hata kwa kubembelezwa. Akapanda kwenye kiti akashusha lile taulo.

Kwa mara ya kwanza akaitazama kompyuta ile kwa macho ya kazi, si kwa macho ya hasira. Skrubu za chini hazikuwa zimeguswa na bisibisi hata moja. Vitufe vilikuwa bado na ule ukavu wa kitu kisichozoea vidole. Pale kwenye bawaba ya kifuniko, ndani kabisa, kilikuwa kimenasa kipande chembamba cha nailoni ya kiwandani ambacho Thabiti alishindwa kukitoa. Akaisogeza puani. Ilinukia upya.

Alikaa chini sakafuni, huko nyuma ya kaunta. Mteja akaingia akaita "Hodi, dada Sabra!" akaona kaunta haina mtu, akaondoka.

Alipoiwasha, Thabiti akatokea kwenye duara akicheka, na mashine ikataka kidole. Kidole kiko Mikindani, chini ya mchanga. Akaambiwa basi andika namba ya siri. Akajaribu mwaka aliozaliwa Thabiti, akajaribu wa mama, wa kwake, tarehe aliyopanda meli mara ya kwanza. Mashine ikachoka naye ikajifunga, ikamwambia asubiri. Akasubiri akajaribu tena. Siku nzima alikuwa hivyo, anajaribu na kusubiri.

Akaenda ofisi ya mtandao wa simu aombe kurudisha laini ya marehemu, maana aliambiwa kwamba kwa laini ile ingewezekana kutumiwa namba za kufungulia. Binti wa kaunta alimpa pole kwa moyo kabisa, na machozi yakamlengalenga. Kisha akamwambia, "Mama, laini hairudishwi bila alama ya kidole cha mwenyewe." Sabra akasema ahsante. Alikuwa ameshaanza kuzoea kudaiwa kidole hicho.

Palikuwa na fundi wa kompyuta anaitwa Gideoni, mtu wa Mbeya, mkewe mwalimu aliyehamishiwa Mtwara. Kijana mtaratibu, hapendi maneno. Aliikalia ile mashine tangu asubuhi, mwisho akaifunga kifuniko.

"Dada Sabra, nikwambie ukweli. Mashine hizi mpya zinafunga kila kitu kilichomo, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Hata nikiing'oa diski nikaipeleka kwingine sitaona kitu. Ninachoweza ni kuifuta yote ianze upya. Hiyo ni kazi ya saa chache tu, na itakufanyia kazi miaka."

"Ifute," Sabra akasema. "Kesho njoo uifute. Nitafanyaje?"

Jioni hiyo hiyo simu yake ikaita kwa namba ndefu ya nje. Alikuwa Mustafa, baharia wa Tanga, aliyesafiri pamoja na Thabiti wakitoka melini na sasa ameshapanda meli nyingine. Ndiyo kwanza amefika bandari yenye mtandao, ndiyo kwanza amepata habari. Alilia kwanza. Sabra akamsubiri amalize.

"Dada, angalau mna ile video," Mustafa akasema alipotulia. "Mtakuwa mnamwona."

"Video ipi?"

"Ya uwanja wa ndege! Tulisubiri sana pale kuunganisha ndege. Ameshanunua kompyuta, tukakaa chini pale nje ya duka. Akasema, dada yangu huyu haamini kitu bila boksi, ngoja nimtengenezee ushahidi. Akaiwasha, akaniambia nishike boksi mbele ya kamera ya kompyuta yenyewe. Akalionesha, akaonesha risiti, akaonesha na mlango wa duka nyuma yetu. Anasema, dada Sabra, mheshimiwa hakimu, boksi hili hapa, nusa! Watu wanapita wanatushangaa, sisi tunacheka. Kisha akaniambia, Mustafa, sasa nipishe, mengine ni ya dada yangu. Nikaondoka kwenda kununua maji. Nilipogeuka nikamwona bado anaongea na hiyo kompyuta, wala hacheki tena. Aliongea muda. Hamjaiona?"

Mustafa akaita "haloo, haloo," akadhani mtandao umekatika.

Kesho yake Gideoni alipokuja na begi lake la vifaa alimkuta Sabra ameikumbatia mashine kifuani. "Rudi," akamwambia. "Rudi, ndugu yangu. Haifutwi."

Bi Mgeni alipopewa habari hiyo naye akaja juu, hataki ifutwe. Kwa sababu sasa ilijulikana kwamba mwanawe yumo mle, sauti yake yote imo. Ikawa kila asubuhi, akishamaliza chai yake, anajikongoja mpaka dukani, anakaa kwenye benchi la wateja na kusema, "Niwashie mwanangu." Sabra anawasha. Ile sura inatokea kwenye duara. Mama anamsalimia, anamwambia habari za nyumba ya Likombe, kwamba mvua imenyesha na bati hazivuji. Sabra aliwahi kuipiga picha ile sura kwa simu yake amwekee mama aitazame nyumbani. Bi Mgeni aliitazama akamrudishia simu. "Hiyo ni picha. Mwanangu yumo mle. Usimguse, Sabra. Mengine yote ulimnyima, hili usimnyime."

Sabra akaiweka simu mfukoni.

Alijaribu namba nyingine. Alikuwa anaamka nazo kichwani. Siku aliyokufa baba, mwaka Thabiti aliomaliza shule, namba ya nyumba ya zamani. Akiona namba ya gari barabarani anajiuliza, isije ikawa hiyo. Akawa mtu wa kuongea peke yake njiani, midomo inacheza, na watoto wakaanza kumwigiza.

Duka nalo halikungoja machozi yake. Steshenari bila kompyuta ni nini? Fotokopi peke yake haimlishi mtu. Wanachuo wakahamia kwa jirani. Ile kazi ya kuchapa taarifa za kituo cha utafiti cha Naliendele, aliyoipata kwa kuhangaika, ikachukuliwa na mwingine. Bati za Likombe zilikuwa zimebeba akiba yote, na marehemu ndiye aliyekuwa akituma fedha ya dawa za kifua cha mama. Dawa zikaanza kukatwa nusu, kisha zikarukwa siku. Mama akawa anakohoa njia nzima kutoka nyumbani hadi dukani, anafika anahema, anasema, "Niwashie."

Mwenye fremu, mzee Asadi, hakuwa mtu mbaya. Alimvumilia kuliko ambavyo wengine wangemvumilia. Siku aliyokuja alikataa hata kukaa. "Binti yangu, nina mtu anataka fremu hii tangu mwezi uliopita. Nimemzuia kwa sababu ya msiba wako. Mwisho wa mwezi huu nikikuta duka halifanyi kazi nitampa. Naona aibu kukwambia, lakini nimekwambia." Sabra akamwambia, "Umenisitiri vya kutosha, baba."

Usidhani hakufikiria kuiuza. Nani atanunua mashine iliyofungwa kwa kidole cha maiti? Kukopa alishakopa mpaka watu wakawa wanavuka barabara wakimwona. Kwa hiyo yakabaki mambo mawili tu mbele yake. Aiache video ya Thabiti mle, asiyoweza kuiona, wala kuisikia, wala hajui ina nini, na mama afe kwa kukosa dawa. Au aifute, na lile alilosema mdogo wake alipoacha kucheka lipotee duniani moja kwa moja, kwa mkono wake yeye. Alimpigia Mustafa tena amwulize kama hakusikia hata neno moja. Mustafa akasema, "Nilikuwa mbali, dada. Niliona midomo tu." Akaapa.

Siku mama alipokohoa damu kwenye upindo wa kanga akaificha, na Sabra akaiona, hakukuwa na la kufikiria tena. Alimwita Gideoni bila kumwambia mama.

Gideoni alifanya kazi yake kimya. Alipofika kwenye swali la mwisho, pale mashine inapouliza kama kweli unataka kuondoa vyote, akaurudisha mkono wake.

"Nimeshafuta mashine nyingi sana," akasema. "Hii bonyeza wewe mwenyewe, dada. Mimi siwezi."

"Hakuna njia nyingine, Gideoni? Labda mwakani watu watakuwa wamegundua kitu."

"Labda. Sijui. Wewe unaweza kungoja mwakani?"

Sabra akakaa. Akaiangalia ile alama ya kukubali kwenye kioo. Alitaka kusema jambo la maana, dua, kuaga, chochote, lakini kilichomtoka ni, "Thabiti, nilikutengea pweza." Akabonyeza. Gideoni akatoka akasimama nje akiwa amempa mgongo, na mashine ikaanza kuhesabu yenyewe kutoka sifuri kwenda mia, polepole, kana kwamba haikuwa na haraka yoyote.

Ilifanya kazi. Mnataka nini tena? Ilikuwa nyepesi, ina kasi, ndiyo kompyuta nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia fremu ile, Thabiti alikuwa hajadanganya hata kidogo. Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa chuo alichapa ripoti yake, akawapigia wenzake simu, wakaja. "Dada Sabra umerudi!" wakapiga kelele. "Tulikumiss, dada! Mashine mpya hiyo, hongera!" Akawachapia wote. Dawa za mama zikapatikana jioni, chupa nzima.

Asubuhi Bi Mgeni akameza dawa zake, akanywa chai, akajikongoja mpaka dukani. Akakaa kwenye benchi.

"Niwashie mwanangu."

Sabra alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Hakulikumbuka hata moja. Akageuza kompyuta upande wa mama, akaiwasha. Duara lilikuwa tupu, lina kile kivuli cha mtu asiye na uso ambacho mashine huweka yenyewe, na chini yake limeandikwa jina la Sabra.

Mama akaegemea mbele. Akatazama. Akatazama tena, akapangusa kioo kwa pembe ya kanga.

"Yuko wapi?"

"Nimemfuta, mama."

Bi Mgeni hakupiga kelele. Mikono yake ilibaki pale pale kwenye kioo.

"Na lile alilotaka kukwambia?"

"Sitalijua, mama."

Msichana mmoja akachungulia mlangoni na bahasha ya vyeti mkononi, anataka kuomba kazi. Aliwaona wawili hao akasita. "Samahani, dada. Kuna huduma?"

Sabra akaigeuza kompyuta ikamwelekea yeye. "Ipo," akasema. "Ingia, mdogo wangu. Nitajie jina lako."